Mkunjo Kwenye Ukuta wa Jiko

Asubuhi ile kungu walipanda ziwani. Watu wa Matema wanawajua vizuri: wadudu wadogo wasiouma, wanaotoka majini kwa mamilioni na kusimama juu ya Ziwa Nyasa kama moshi, mpaka mgeni adhani kuna meli inaungua huko katikati. Nsajigwa aliwatazama kutoka kizingiti cha jiko, kikombe mkononi. Ule moshi ulijisogeza taratibu kuelekea Ikombe, ukainama, ukajinyoosha tena, hauna haraka na mtu. Alipoikumbuka chai yake ilikuwa imeshapoa. Mwanamume aliyebaki peke yake nyumbani hunywa chai baridi kila siku, si kwa kukosa moto, ni kwa kusahau kwamba ameshaitengeneza.

Mke wake, Tulinagwe, alikuwa Dar es Salaam akionyesha kazi zake. Yeye alikuwa nyumbani akilinda ukuta.

Ndiyo, ukuta. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, lakini jiko lilisimama peke yake uani, la mianzi na udongo. Kila kiangazi Tulinagwe alilipaka upya udongo laini: mwekundu wa mlimani, mweupe wa mtoni, na mweusi aliouchanganya na masizi ya chungu. Kisha, udongo ukiwa bado mbichi, alipitisha vidole na kuchora mistari mirefu iliyozunguka jiko zima. Bibi yake alifanya hivyo, na bibi wa bibi yake. Hakuna aliyeiita sanaa. Iliitwa kusafisha jiko.

Sanaa ilikuwa ya Nsajigwa. Ndiye aliyekwenda chuo huko pwani akarudi na brashi na kidevu chenye ndevu za msanii. Aliandika majina ya boti na mabango ya maduka ya Mbugani, na kwa wageni wa ufukweni alichora ziwa likiwa na jua, na mitumbwi, na mlima nyuma yake. Tulinagwe alimchanganyia rangi na kumwoshea brashi. Watu walimwita Nsajigwa Mchoraji, na Tulinagwe wakamwita mke wa Mchoraji, na wote wawili mambo yaliwakaa vizuri sana.

Halafu mgeni mmoja wa ufukweni akapotea njia, akapita uani kwao, akaliona jiko. Alipiga picha mpaka simu ikazima. Baada ya hapo mambo yakaenda kama ndoto ya mtu mwingine. Nyumba ya wageni ikamwita Tulinagwe akapake kuta za vibanda vyake vyote. Akaja mtu wa Mbeya, kisha wa Dar, kisha barua pepe kutoka Nairobi. Tulinagwe akaanza kupaka udongo kwenye mbao kubwa zinazoweza kusafirishwa, na mbao zikasafiri kweli, na yeye nyuma yake.

Wa Dar walichokipenda zaidi ni mkunjo. Katika kila kazi yake mstari ulipanda, ukatembea, ukashuka kidogo, halafu mahali fulani ukajikunja ghafla na kurudi nyuma, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, kabla ya kuendelea na safari. Gazeti moja liliandika kwamba huyo ni mwanamke anayejikumbatia. Jingine likasema ni maji ya uzazi. Tulinagwe akiulizwa mkunjo unatoka wapi, alijibu tu, "Unatoka nyumbani," nao wakaandika hilo pia.

Nsajigwa alifurahi. Asikudanganye mtu, alifurahi kwa moyo mweupe, mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa pili alianza kujikaza kisabuni. Siku aliyokwenda nyumba ya wageni akakuta picha zake za ziwa zimehamishwa kutoka ukumbini na kutundikwa kwenye korido ya kuelekea chooni, alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, pembeni ya maji, na hakumwambia mke wake. Tangu hapo hakuchora ziwa tena. Aliandika majina ya boti tu, na kila aliyemkuta kazini alimwuliza, "Samahani, wewe ndiye mume wa Tulinagwe?"

Sasa watu wa Dar walikuwa wanakuja. Dada mmoja aitwaye Adela, mwenye ukumbi wa maonyesho, alitaka kurekodi filamu ya jiko lenyewe, mahali ambapo kila kitu kilianzia. Angefika na Tulinagwe mwisho wa wiki. Na mvua zilishaanza kunukia.

"Baba Queen," Tulinagwe alisema kwenye simu, "niangalizie ukuta. Ikinyesha, funika na turubai."

"Usiwe na wasiwasi, Mama Queen."

Queen ni binti yao, yuko bwenini Kyela, na ndiye pekee nyumbani ambaye hajawahi kushika udongo wala brashi. Anataka kuwa mhasibu. Mungu amlinde.

Basi asubuhi hiyo ya kungu, Nsajigwa alisimama mbele ya jiko akiangalia mawingu yaliyokaa mabegani mwa mlima. Turubai lilikuwa limekunjwa stoo. Pembeni ya turubai lilikuwepo kopo la vanishi, limebaki kwenye kazi ya boti. Alilitazama turubai, akalitazama kopo. Turubai ni la kufunikia mpunga, alijiambia. Mtu aliyesoma sanaa hawezi kufunika kazi ya sanaa kama gunia. Vanishi ingezuia mvua, ingekamata rangi zisififie, na ukuta ungedumu miaka. Hayo ndiyo aliyojiambia kwa sauti. Chini kabisa, mahali asipopenda kuchungulia, kulikuwa na jambo jingine: ukuta ungeng'aa, na yule dada wa Dar angeuliza, nani ameung'arisha?

Akafungua kopo.

Kazi ile ilikuwa tamu. Ilikuwa muda mrefu hajasimama mbele ya kitu kizuri na brashi mkononi. Jua la Matema huchelewa kwa sababu ya mlima, na kivuli kilimkalia mgongoni kwa ubaridi mtulivu, na huko ufukweni mawimbi madogo yalikuwa yakijisemea yenyewe. Alipaka kwa kufuata mstari wa mke wake. Kitu cha ajabu ni kwamba mkono wake haukuhitaji kutazama. Ulijua pa kupanda. Ulijua pa kushuka. Ulipofika kwenye mkunjo ulirudi nyuma wenyewe kabla jicho halijauona. Alicheka kimoyomoyo: kweli mimi ni fundi. Harufu ya kakao iliyoanikwa kwa jirani ilimfikia na kumlegeza, na alipomaliza alikaa chini ya upenu akasinzia.

Katika usingizi aliota anatembea juu ya ule mstari, peku, kama njia ya shambani. Njia ilikuwa na ubaridi wa udongo mbichi na nyayo zake zilitoshea kila mahali. Alifika kwenye mkunjo, akageuka kurudi nyuma, na hapo mtu akamcheka, kicheko cha msichana, karibu kabisa na sikio lake. Alijaribu kugeuka amwone. Akaamka.

Ukuta ulikuwa unang'aa. Nyekundu ilikuwa nyekundu ya kuiva, nyeusi ina kina kama maji chini ya mtumbwi.

"Ugonile, Mchoraji!" Jirani yake Hezroni, mwenye ile kakao, alimsalimia akiwa njiani, mdomo wazi. "Yaani jiko lako linang'aa kuliko kidevu changu nikishanyoa. Limekuwa kama gari la harusi!"

"Ndaga, Hezroni," Nsajigwa alishukuru, akavimba kichwa.

Usiku mvua ilinyesha, na ukuta haukutokwa hata na chozi. Ila udongo una pumzi yake, na mwanamke yeyote wa Matema angemwambia hivyo kama angeuliza. Jiko la udongo hunywa unyevu wa ardhi kutoka chini na kuutoa taratibu kupitia ngozi yake. Nsajigwa alikuwa ameifunga ngozi. Siku iliyofuata jua lilipopata moto, malengelenge yalitokea chini, karibu na msingi. Jioni yake yalikuwa yamepanda hadi kiunoni. Alijaribu kuyabonyeza kwa kidole gumba, kwa upole, mfano wa mtu anayemtuliza mtoto, na kipande kikubwa kikabanduka kikamwangukia miguuni, rangi na mistari na vyote. Alifumba macho. Akasikia kingine kikianguka.

Kufikia siku ya kurudi mkewe, upande wote unaotazama ziwa ulikuwa umevuliwa. Nsajigwa aliokota vipande na kuvipanga kwenye jamvi, akijua kabisa kwamba haviungiki. Alitaka ziwa lipande limchukue. Halafu, kwa kukosa mahali pa kuweka macho, akautazama ukuta ulio uchi.

Ulikuwa na mifereji. Si nyufa, ni mifereji iliyochorwa, myembamba, imelainishwa na tabaka nyingi za udongo zilizopita juu yake. Mfereji mmoja mrefu ulipanda, ukatembea, ukashuka kidogo. Alinyanyua macho akautazama mlima ng'ambo ya uwanja, kisha akarudi ukutani. Ni ule ule. Ni mgongo wa mlima unavyoonekana kutoka kizingiti cha jiko, na mwishoni, upande wa Ikombe, mstari ulijikunja ghafla ukarudi nyuma, mahali ambapo mlima wenyewe haujikunji hata kidogo.

Hapo akamsikia tena yule msichana aliyecheka ndotoni, na safari hii alimjua.

Walikuwa wameoana karibuni. Jiko lilikuwa jipya, udongo haujakauka. Nsajigwa aliokota msumari na kuanza kuuchora mlima ukutani, kumwonyesha mke wake alichofundishwa chuoni, na mkono ulikuwa unakwenda kwa madaha mpaka msumari ukagonga mwanzi ndani ya udongo, ukaruka, ukarudi nyuma. Mlima ukapata kigosho. Tulinagwe alicheka mpaka akakaa chini. Kiangazi kilichofuata akapaka udongo juu, na Nsajigwa akajua mchoro wake umefutwa. Uliuma kidogo. Hakusema, na kwa kuwa hakusema akausahau, au alidhani ameusahau.

Ule mkunjo wa magazeti, mwanamke anayejikumbatia, ulikuwa makosa ya msumari wake.

Tulinagwe alifika alasiri, peke yake, kanga begani na begi mkononi. Adela alikuwa amebaki nyumba ya wageni kupumzika. Tulinagwe ana tabia ya kusalimia kuanzia mbali, lakini safari hii salamu ilikatika katikati. Aliweka begi chini. Alikwenda hadi ukutani, akaokota kipande kwenye jamvi, akakigeuza, akaona mng'ao wake.

"Umepaka vanishi."

"Ndiyo."

"Nilikwambia turubai."

"Ulinambia."

"Nilikwambia turubai, Nsajigwa!" Hakumwita Baba Queen, na hilo lilimchoma kuliko sauti yenyewe. "Kitu kimoja nimekuomba. Wewe unayejua rangi zote za duniani, hujui udongo unapumua?"

Angeweza kusingizia mvua. Maneno yalikuwepo mdomoni, laini na tayari. "Nilitaka na mkono wangu uonekane," alisema. "Wanapokuja kukutazama wewe. Nimeona wivu, Mama Queen. Muda mrefu sasa."

Tulinagwe aliweka kidole kwenye mfereji na kukitembeza, polepole, mpaka kwenye mkunjo.

"Mkono wako," alisema. "Miaka yote hii ninapita juu ya mkono wako."

"Nilidhani uliufuta."

"Niufute kwa nini? Nilikuwa nafuata kwa kidole kila kiangazi. Nikakusubiri useme kitu. Unapita hapa kila asubuhi na kikombe chako, unatazama ziwa, husemi. Nikaona labda unauonea haya, kwa sababu ulikosea." Hasira ilikuwa bado usoni, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Huko Dar wananiuliza unatoka wapi. Nikasema nyumbani. Ningesema nini zaidi, na mwenyewe hujautaka?"

Nsajigwa alikaa chini palepale kwenye majani. Moyo wake ulifanya kitu asichokitegemea: ulifurahi, furaha chafu kidogo, ya mtu aliyegundua shamba la jirani limepandwa kwa mbegu zake. Akainua kichwa amwambie, akakuta mke wake hatazami mfereji kwa mapenzi. Anautazama kwa uchovu.

"Wanataka huo tu," Tulinagwe alisema. "Kila kazi, mkunjo uko wapi? Pale kwenye vibanda nilijaribu kuchora bila huo. Kidole kikarudi nyuma chenyewe. Na hapa nyumbani kila nikipaka, mfereji uko chini unanivuta. Nimechoka kuzunguka mlima wako, Baba Queen. Sijui kama nina mstari wangu. Naogopa kujua."

Alichukua begi akaingia ndani. Jioni waliongea mambo ya Queen na bei ya mchele.

Asubuhi Nsajigwa alichimba udongo nyuma ya migomba, akaumwagia maji na majani makavu, akaingia miguu mitupu kuukanyaga, kwani kukanyaga ni kazi ya mume na kupaka ni ya mke. Ukungu ulikuwa chini sana, mlima hauna kichwa wala miguu. Ziwa lenyewe halikuonekana, lilisikika tu. Katika weupe ule akatokea Adela, kamera begani, viatu mkononi.

"Shikamoo baba. Mama yuko?"

"Marahaba. Anavaa nguo za kazi. Karibu."

Adela aliuona ukuta, na Nsajigwa alisubiri alalamike. Badala yake msichana alisogea, akasogea tena, pumzi imekatika.

"Hii ni nini? Huu si ndio mkunjo? Upo chini kabisa!" Alishika mfereji. "Huu haujachorwa kwa kidole. Nani kauchora, baba?"

Tulinagwe alikuwa ametoka. Alisimama mlangoni mwa nyumba, kanga kiunoni, akamtazama mume wake kwa macho yasiyoomba kitu. Angemwacha aseme. Hilo Nsajigwa aliliona wazi.

Adela aliwatazama wote wawili. Si mjinga. "Ni wewe? Kumbe nyinyi ni wawili! Basi msipake, naomba, msiguse chochote. Nirekodi hivi hivi. Tutaandika majina yote mawili, na mbao zote tutazieleza upya. Baba, hujui hiki ni kitu gani."

Alijua. Asikudanganye mtu, alijua na alitaka. Aliiona korido ya chooni, akaona picha zake zinarudi ukumbini zinatembea zenyewe. Aliona jina lake gazetini, kubwa kama majina anayoandika kwenye boti za wenzake. Lingetosha neno moja, na halikuwa la uongo. Udongo ulikuwa umemfika juu ya vifundo, baridi, laini, unamvuta chini.

Akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akaenda ukutani.

"Ni mchoro wa zamani," alimwambia Adela. "Ulikosewa."

Akaanza pale upande wa Ikombe. Aliukandamiza udongo ndani ya mkunjo kwa kiganja, akaujaza, akapitisha mkono juu yake mpaka pakawa sawa. Adela alipiga kelele kidogo, kisha akainua kamera, kisha akaishusha bila kujua kwa nini. Nsajigwa aliendelea. Alishuka na mlima, akapanda na mlima, akiufunika kwa mkono uleule uliouchora. Tulinagwe alikuja akasimama karibu naye. Hakushukuru. Alitazama mpaka mfereji wa mwisho ulipozama.

Halafu akachovya mkono kwenye chungu cha udongo mweupe, akapaka ukuta wote, upana wa mikono, kwa haraka yake ya kila mwaka, na ukuta ukawa mweupe kama ukungu uliowazunguka, hauna juu wala chini. Nsajigwa alirudi kwenye shimo la udongo akawa anakanyaga tena ili apate mahali pa kuwa.

Tulinagwe aliweka kidole. Kilitembea, kikashuka kidogo kwa mazoea. Kilipofika pale pa mkunjo, kikasimama. Nsajigwa aliona kile kidole kikirudi nyuma kidogo, kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina. Kikasimama tena. Kisha kikaondoka, kikateremka upande ambao mlima haujawahi kwenda, wala ufukwe, wala njia yoyote aliyoijua Nsajigwa.

"Baba Queen," Tulinagwe alisema bila kugeuka, "usipunguze kukanyaga, nitahitaji udongo zaidi."

Lakini Nsajigwa alikuwa ameshaacha kukanyaga. Matope yalimfika kwenye miundi, na alikuwa anaangalia mstari unakokwenda.